Chakula kinaisha kabla ya foleni: mtu wa kujitolea aanzie wapi?

SWALI

Ndugu washauri,

Nimejiunga na mradi wa chakula unaosaidia familia zenye hali ngumu. Fedha za kuchangia sina, ila kila Jumamosi nina saa nne za kutoa. Familia zilizoandikishwa ni 80. Kila moja hupewa kilo 2 za mchele, kilo 1 ya maharage na chupa ya nusu lita ya mafuta ya kupikia. Mchele na maharage huchotwa kwa kopo moja kwa moja kutoka kwenye gunia, mbele ya foleni.

Mambo matatu yananikosesha usingizi. Kwanza, hesabu ya magunia inaonyesha chakula kinatosha, lakini kila wiki familia nne au tano za mwisho zinarudi mikono mitupu. Pili, baadhi ya watu hutuletea chakula kilichobaki kwenye sherehe zao. Wiki iliyopita sufuria kubwa ya wali na nyama iliyopikwa jana yake ilikuja ikiwa vuguvugu, na kiongozi akasema tuichemshe tena tu itakuwa salama. Tatu, jirani yangu ana watoto wengi na najua jikoni kwake hakuna kitu, lakini haji.

Mimi ni mgeni pale. Nisemeje bila kuonekana mjuaji?

Mwenye Saa Nne

JIBU

Ndugu yetu Mwenye Saa Nne,

Tuanze na hao wanne au watano wa mwisho, maana wanaumia kwa jambo linaloweza kwisha Jumamosi ijayo. Tatizo lipo kwenye kopo. Anayechota hujaza kilima kwa wale wa mwanzo, gunia likiwa limejaa na huruma ikiwa mbele. Akifika katikati ya foleni anaanza kupima mfuto. Mwishoni anakwangua. Chukulia kila familia imezidishiwa gramu 100 tu, kiasi cha konzi moja. Kwa familia 80 hizo ni kilo 8, yaani mafungu manne ya kilo 2. Ongeza punje zilizomwagika, na gunia lililoandikwa kilo 50 ambalo halikuwahi kupimwa lilipopokelewa, utampata na yule wa tano.

Kwa hiyo chakula kipimwe na kufungwa kabla watu hawajafika. Mahitaji ni mizani moja, mifuko, kamba na watu wanne: wa kwanza anachota, wa pili anapima na kusawazisha, wa tatu anafunga, wa nne anahesabu na kupanga kumi kumi. Huyo wa nne asipewe kazi nyingine yoyote. Mkipanga mafungu kumi kumi, kosa la hesabu linaonekana papo hapo, lakini yakirundikwa pamoja litaonekana mtu wa mwisho akishafika mezani. Kazi hii mtu wa saa nne anaiweza kabisa, na karibu kila mradi una upungufu wa watu wa kuifanya, kwa kuwa wengi wanaojitolea wanapenda kuwa pale mbele kwenye kugawa.

Mizani yenyewe nayo ijaribiwe kila asubuhi. Pima chupa tupu, ijaze lita moja kamili ya maji, ipime tena. Tofauti iwe kilo 1. Ikija gramu 950 au 1,050, mizani inawadanganya wote, na kosa hilo linajirudia mara 80. Kila gunia linaloingia lipimwe pia, na uzito halisi uandikwe kwenye daftari la stoo pamoja na tarehe. Pangeni ugawaji wenu kwa uzito huo, hata kama mfuko umeandikwa vingine.

Wakati wa kugawa, watu wasisimame foleni ndefu. Familia 80 zigawiwe vipindi vinne vya nusu saa, familia 20 kila kipindi, na kila kadi iandikwe saa yake. Msukumano unatokana na hofu kwamba chakula kitaisha. Anayejua kwamba fungu lake limeshafungwa na lina namba yake hana sababu ya kufika alfajiri na mtoto mgongoni. Tengeni pia mafungu manne hivi, asilimia 5 ya yote, kwa ajili ya dharura, na yasiguswe hadi kipindi cha mwisho kiishe. Ikitokea chakula kimepungua kweli, watu waambiwe kabla ya kugawa kuanza na kila fungu lipunguzwe kwa kiasi kilekile. Kumwambia mtu "kimeisha" baada ya kusimama saa mbili ni kumwongezea mzigo aliokuja nao.

Sasa kuna swali ambalo hukuuliza, na kwa maoni yetu ndilo kubwa kuliko yote: fungu lenu ni chakula cha siku ngapi?

Kipimo cha kupangia kinachotumiwa na mashirika ya misaada, na kilichomo pia kwenye Sphere, mwongozo wa kimataifa wa viwango vya misaada ya dharura, ni kilokalori 2,100 (kilokalori ni kipimo cha nguvu inayotokana na chakula) kwa mtu mmoja kwa siku. Mgao wa kawaida wa Shirika la Mpango wa Chakula Duniani unaokaribia kiwango hicho una takribani gramu 400 za nafaka, gramu 60 za jamii ya kunde, gramu 25 za mafuta, na nyongeza ya unga ulioongezwa virutubisho, sukari na chumvi. Chukua kalamu ulinganishe na fungu lenu. Mchele mkavu una kilokalori 360 hivi kwa kila gramu 100, maharage makavu 340, mafuta 880. Kilo 2 za mchele ni 7,200, kilo 1 ya maharage ni 3,400, na nusu lita ya mafuta, ambayo ina uzito wa gramu 460 hivi, ni kama 4,050. Jumla inakaribia 14,650.

Igawe kwa 2,100 utapata 7. Fungu lenu ni chakula cha mtu mmoja kwa siku saba. Kwa familia ya watu watano ni siku moja na saa chache. Kwa familia ya wanane halifiki siku moja. Mzee anayeishi peke yake na mama mwenye watoto saba wanapokea mfuko uleule, na kwenye daftari inaonekana mmegawa sawa.

Rekebisheni hilo kwa ngazi tatu za ukubwa wa familia, zisizidi hapo, kwani zikiwa tano au sita mezani watu watachanganyikiwa. Tuseme kati ya familia 80, kuna 15 zenye mtu mmoja au wawili, 40 zenye watatu hadi watano, na 25 zenye sita na kuendelea. Za kwanza zipewe kilo 1 ya mchele, za kati kilo 2, kubwa kilo 2 na nusu. Hesabu yake ni 15 kujumlisha 80 kujumlisha 62.5, yaani kilo 157.5. Mlikuwa mnatumia 160, kwa hiyo kilo mbili na nusu zinabaki kufidia zinazomwagika. Maharage yagawe kwa uwiano huohuo: nusu kilo, kilo moja, kilo moja na robo. Mafuta acheni chupa moja kwa kila familia. Kufungua chupa zilizofungwa kiwandani na kumimina kwenye vyombo vya watu huleta uchafu na ugomvi kuliko faida. Kwa mpango huo familia ya wanane inapata siku moja kamili, na anayeishi peke yake bado ana zaidi ya siku nne. Tofauti ingalipo, ila imepungua sana, na hakuna aliyeongeza hata gunia moja. Rangi ya kamba iliyofungia mfuko ionyeshe ngazi yake, anayegawa asilazimike kuuliza "mko wangapi?" mbele ya watu.

Hesabu hiyohiyo itawaambia mwombe nini. Kwa familia ya watano na kwa mgao ule wa gramu 400, 60 na 25, mchele wenu unaisha siku moja, maharage yanafika siku tatu na mafuta karibu nne. Mchangiaji akiuliza mnahitaji nini, jibu ni nafaka. Miradi mingi hujibu "chochote," ikaishia na rafu nzima ya kitu kimoja.

Na msisahau moto. Maharage makavu huhitaji kulowekwa usiku kucha na kuchemshwa saa moja hadi mbili. Familia isiyo na nishati ya kupikia huyala nusu mabichi, huyauza, au huyaacha yakae. Ulizeni wakati wa kuandikisha: mnapikia nini, na mnaweza kuwasha kwa muda gani? Kwa wenye shida ya moto, dengu ndogo zinazoiva ndani ya nusu saa bila kulowekwa zina thamani kuliko maharage ya uzito uleule.

Tuje kwenye ile sufuria ya wali na nyama. Hapa tunasema wazi: kiongozi wenu amekosea, na kosa la namna hii linaweza kulaza familia kumi hospitalini kwa siku moja. Kupika huua vijidudu vingi, lakini baadhi hutengeneza mbegu zisizokufa kwa kuchemshwa. Kwenye wali kuna Bacillus cereus, kwenye nyama na maharage yaliyopikwa kwa wingi kuna Clostridium perfringens. Chakula kikishashuka chini ya nyuzi 60 za Selsiasi mbegu hizo huamka na kuzaana, na zinaendelea hadi kishuke karibu na nyuzi 5. Sufuria kubwa iliyofunikwa inapoa kwa nje tu, katikati hukaa vuguvugu usiku kucha, na hilo ndilo joto zinalolipenda. Bacillus cereus huacha sumu ndani ya chakula, kama anavyofanya Staphylococcus anayetoka kwenye mikono na pua za wapishi. Sumu hizo hazivunjwi na kuchemsha. Ukichemsha tena unaua vijidudu na kuiacha kazi yao ndani ya sufuria. Harufu pia haikusaidii, kwa kuwa chakula kinaweza kuwa na sumu kikinukia vizuri tu.

Shirika la Afya Duniani, katika kanuni zake tano za chakula salama zilizotolewa mwaka 2001, linataka chakula kilichopikwa kisikae zaidi ya saa mbili kwenye joto la kawaida, na cha moto kibaki juu ya nyuzi 60. Kwa mradi wenu maana yake ni maswali matatu mlangoni kabla ya kupokea sufuria yoyote: kimepikwa saa ngapi, kimekaa wapi tangu hapo, na kina joto gani sasa? Joto lipimwe kwa kipimajoto cha kuchoma, katikati ya chakula, siyo pembeni. Kipimajoto nacho kijaribiwe kwenye maji yaliyojaa barafu iliyopondwa, kisome 0, kisha kifutwe kwa dawa kabla ya kuingia sufuria nyingine. Kikisoma juu ya 60 na kikaliwa papo hapo, pokeeni. Kikiwa vuguvugu na hakuna anayejua kimekaa tangu lini, msipokee, hata kama waliokileta ni watu wakubwa na nyama ni nyingi.

Chakula chenu wenyewe kikibaki na friji mnayo, kigawanyeni kwenye trei pana, kina kisichozidi sentimita 5, na trei ziwekwe juu ya maji ya baridi. Lengo ni kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa mbili, na kutoka hapo hadi 5 ndani ya saa nne nyingine. Kikipashwa moto kichemke hadi katikati, zaidi ya nyuzi 70 huku kikikorogwa, na hiyo iwe mara moja tu. Friji ikikosekana, pikeni kinacholiwa siku hiyo na kiishe.

Kukataa kunahitaji maneno mazuri, hivyo yatayarisheni kabla. "Asante sana kwa kutukumbuka. Chakula kilichopikwa tunapokea kikiwa bado cha moto, ndani ya saa mbili. Lakini mchele, mafuta, matunda mazima, vinywaji vilivyofungwa na nishati ya kupikia mliyobakiwa nayo tunavihitaji leo hii." Tangazo hilo liwekwe kwenye mlango wa mradi na watu wataarifiwe kabla ya sherehe, wapate kuwaletea kilicho kibichi kabla hakijaingia chunguni. Mchangiaji akielewa sababu harudi na kinyongo.

Mkipika maharage mekundu kwa ajili ya watu, yaloweke saa tano au zaidi, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwa nguvu dakika 30. Yana sumu ya asili iitwayo lektini, na moto mdogo usiofika kuchemka hauiondoi. Wanaopika kwa vyombo vya moto wa polepole hupata kutapika kwa sababu hiyo, wakadhani maharage yalikuwa mabovu. Meza na vyombo vioshwe kwa sabuni, visuuzwe, kisha vipitishwe kwenye maji ya klorini: kwa dawa ya klorini ya asilimia 5, mililita 4 kwa kila lita ya maji, viachwe vikauke vyenyewe. Dawa hiyo isichanganywe na siki wala dawa nyingine ya kusafishia, hutoa hewa ya sumu. Na mtu wa kujitolea aliyeharisha au kutapika asikanyage jikoni hadi zipite saa 48 tangu dalili ziishe. Hata akijisikia mzima. Huyu ni wa kuambiwa "tunakuhitaji wiki ijayo," asionekane mvivu.

Stoo tutaipitia haraka. Magunia yakae juu ya chaga, sentimita 10 hadi 15 kutoka sakafuni, na mbali kidogo na ukuta kiasi mtu apite na tochi aone kinyesi cha panya. Kinachoisha muda mapema kitoke kwanza, hata kama kiliingia jana. Maneno "bora kabla ya" yanahusu ladha na ubora, na chakula kikavu kilichopita tarehe hiyo kwa siku chache mara nyingi bado kinafaa. "Mwisho wa matumizi" yanahusu usalama, hayana mjadala. Kopo lililovimba, linalovuja, au lililobonyea kwenye mshono litupwe bila kufunguliwa. Nafaka ikishukiwa kuwa na unyevu, jaza theluthi ya chupa kavu ya kioo, weka vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, tikisa dakika moja, acha robo saa. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu umezidi asilimia 15 na kuvu iko njiani. Yenye kuvu isioshwe wala kuchaguliwa ili igawiwe, kwa kuwa sumukuvu haitoki kwa maji wala moto. Fukusi wachache ni jambo jingine. Chekecheni, na gunia hilo litoke kwanza.

Kuhusu watoto wachanga, kuna jambo ambalo nia njema hulivuruga mara nyingi. Maziwa ya kopo ya watoto wachanga yasiwekwe kwenye mafungu ya jumla. Mama anayenyonyesha akipewa bure hupunguza kunyonyesha, maziwa yake yanapungua, kopo linaisha, na wiki ijayo hakuna jingine. Kanuni ya kimataifa ya mwaka 1981 kuhusu uuzaji wa vyakula vinavyochukua nafasi ya maziwa ya mama ilitungwa kwa sababu ya madhara ya namna hii. Mama mwenye shida ya kunyonyesha aunganishwe na mhudumu wa afya, na yeye mwenyewe aongezewe chakula. Mkiwa na mtu aliyefundishwa kutumia utepe wa kupima mkono, mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake uko chini ya milimita 125 apelekwe kituo cha afya, na chini ya 115 apelekwe siku hiyohiyo. Vivyo hivyo mtoto ambaye ukibonyeza nyayo zake zote mbili kwa juu, kwa kidole gumba, sekunde tatu, shimo linabaki. Huyo fungu la mchele halimtoshi.

Jinsi ya kusema ukiwa mgeni: usianze na kusema. Omba upewe mizani. Jumamosi ya kwanza, kwa ruhusa ya msimamizi, pima mafungu kumi yaliyochotwa kwa kopo: matatu ya mwanzo, manne ya katikati, matatu ya mwisho. Andika namba zake kwenye karatasi moja bila jina la aliyechota. Baada ya kazi, mwonyeshe kiongozi peke yake, useme: "Nimeona fungu la kwanza lina kilo 2 na gramu 200, la mwisho kilo 1 na 800. Wiki ijayo niruhusu nije mapema tufunge kabla." Umeleta namba, sababu na mikono yako ya kuifanya kazi. Suala la chakula cha jana ni tofauti. Hilo halisubiri wiki mbili. Sema siku hiyohiyo, kwa upole na pembeni, na ikibidi simama penye sufuria hadi iamuliwe.

Mengine yanayojenga imani ni madogo mno. Fika saa uliyoahidi. Ukijua huji, toa taarifa siku mbili kabla ili nafasi yako ipate mtu. Saa nne za kila Jumamosi kwa mwaka mzima zinaubeba mradi vizuri kuliko mtu wa siku nzima anayetokea mara tatu kisha akapotea.

Jambo moja lisiwe na mjadala mahali popote panapogawiwa chakula: ni bure. Hakuna anayegawa anayepokea fedha, zawadi, kazi ya bure wala upendeleo wa mwili kutoka kwa anayepokea, na watu wanaopokea waelezwe hivyo waziwazi, pamoja na pa kulalamika pasipo mkononi mwa anayewagawia. Kupeleka chakula nyumbani kwa mtu kufanywe na watu wawili. Ukiona au kusikia vinginevyo, toa taarifa kwa uongozi wa juu siku hiyo, usijifanye mpelelezi.

Na jirani yako. Kabla ya kumfikiria yeye, utazame mradi wenu kwa macho yake. Je, majina huitwa kwa sauti? Kuna anayepiga picha za watu wamepokea mifuko? Mnadai vitambulisho ambavyo yeye pengine hana? Mnagawa saa ambazo mtu wa kibarua yuko kazini? Kila moja kati ya haya huwarudisha wanaohitaji zaidi, wakabaki wenye muda na wasio na haya ya kuonekana. Iteni namba badala ya majina. Picha zisiwepo kabisa. Daftari liwe na jina, idadi ya watu, umri wa watoto wadogo, mawasiliano na aina ya chakula asichoweza kula, na lifungwe kabatini. Kadi iruhusu mtu aliyeaminiwa kumchukulia mwingine. Pakiwezekana, vitu vipangwe mezani familia ichague yenyewe ndani ya kiasi chake. Mtu anayechagua hajisikii ombaomba, na asichokitumia anakiacha kwa mwingine.

Jirani mwenyewe usimwambie kwamba unajua jikoni kwake hakuna kitu. Mkiwa wawili tu, katika maongezi mengine, mwambie: "Siku hizi Jumamosi nasaidia kwenye mradi wa chakula. Familia zenye watoto wengi zinaongezewa. Ukiona utapenda, namba ya anayeandikisha ni hii, huhitaji kupitia kwangu." Hapo nyamaza, badilisha maongezi. Usimuulize tena wiki ijayo kama amepiga. Usimwandikishe bila yeye kujua, wala usimtaje kwa wenzako mkiwa mnafunga mifuko.

Inawezekana anakuogopa wewe kuliko anavyoiogopa foleni, maana mkirudi mtakutana kwenye maji na kwenye njia ileile. Kwa hiyo zungumza na msimamizi mapema, bila kutaja jina: akiandikishwa mtu wa karibu nawe, kipindi chake ukipitishie stoo, ukiwa na mizani yako, na mtu asiyemjua ndiye ampe mfuko.